Dainamo ya Bi Mwamvua

Hapa Kibiti Bi Mwamvua husikika kabla ya kuonekana, na kinachosikika si sauti yake, ni gari lake. Ni Landrova ya zamani, ya rangi ya majani yaliyoanza kukauka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani na mwingine unafunguka wenyewe ukitaka. Likipanda kutoka upande wa soko linakohoa. Likishuka linaguna. Likisimama linatetemeka kama mtu aliyeoga maji ya alfajiri. Juu ya usukani unaona ushungi, chini ya ushungi unaona miwani, na hapo ndipo mwenyewe anapoishia, maana ni mfupi na anakalia mto, na juu ya mto khanga zilizokunjwa.

Gari alilinunua marehemu mumewe, Mzee Saadi, kwenye mnada wa vyombo chakavu vya misheni. Macho ya Mzee Saadi yalipoanza kuingia ukungu akamfundisha mkewe kuendesha, ili yeye akae pembeni aendelee kuendesha kwa mdomo. Watu wazima wanasimulia kwamba walikuwa wanakwenda hivyo, mikono ya mke na amri za mume, na shimo walilolikanyaga hapa waligombania mpaka Bungu. Mzee alipofariki watu walidhani gari litakaa. Bi Mwamvua akamaliza eda, akafua zile khanga za kukalia, akawasha, akaenda Ikwiriri kununua kambale. Aliporudi alisema gari linakwenda vizuri zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa linasikiliza mtu mmoja.

Biashara hana. Kazi yake ni kwenda. Akisikia msiba Jaribu, anakwenda. Harusi Bungu, anakwenda. Mdogo wake Rukaiya anaishi Mloka, ambako kila msimu tembo wanamlia mahindi, na Bi Mwamvua huenda kumpa pole ya mahindi kama watu wengine wanavyopeana pole ya mtu. Nyuma anapakia wanawake wenzake na ndoo zao, na wakikutana na mtu wa kusalimiwa hasogei pembeni. Anasimama palepale katikati ya lami. Nimeona malori ya Lindi yamepanga mstari nyuma yake yakisubiri amalize kuuliza hali ya mtoto wa jirani wa aliyesalimiwa.

Mtu asiyelipenda gari hilo ni mwanawe mwenyewe, Abdulrazaq. Abdulrazaq anakaa Mbagala, kajenga nyumba ya ghorofa, na kwenye ghorofa hiyo kuna chumba cha mama yake chenye feni, televisheni na zulia. Ni mtoto mwema, hilo kila mtu analisema. Bi Mwamvua alikaa kule mara moja, akarudi amekonda. Alipoulizwa kama alikosa chakula alisema chakula kilikuwepo, ila kule mtu anakaa kutwa nzima anasubiri kuulizwa atakula nini.

Sasa mwaka jana, kwenye harusi ya Bungu, gari lilizimika mlangoni kwa wakwe na likakataa kuwaka. Abdulrazaq, bwana harusi mwenyewe, amevaa kanzu nyeupe, akalazimika kulisukuma mbele ya watu aliokuja kuoa kwao. Maneno yakawa mengi. Mama unazeeka, mama gari hili litakuua njiani, mama utahamia lini. Bi Mwamvua, ili mradi mwanawe anyamaze, akamjibu mbele ya wakwe wote kwamba siku umeme wa gari hilo utakapokufa kabisa, atahamia Mbagala bila kuitwa.

Lilikuwa jibu la kumaliza mazungumzo. Abdulrazaq akalichukua kama ahadi. Na Bi Mwamvua, kwa tabia yake, neno alilolisema mbele ya wakwe hawezi kulirudisha.

Mwaka huu umeme ukaanza kufa. Betri inachajiwa kwa jirani usiku, mchana inabeba gari hadi sokoni, jioni imelala. Vijana wa bodaboda wakawa wanalisukuma kila asubuhi kama sehemu ya kazi zao. Fundi akasema betri haina kosa, kosa liko kwenye dainamo, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili itengeneze umeme. Habari zikafika Mbagala kabla dainamo haijafunguliwa.

Gereji ya fundi Bushiri iko ng'ambo ya barabara, mkabala na meza ya chai ya mama yangu hapa stendi, kwa hiyo yanayotokea pale tunayaona bila kuyatafuta. Bushiri ni mtu wa milima ya Kipatimu, mwembamba, hana maneno na watu. Maneno yake yote anayatunzia vyombo. Akiwa peke yake na stata ya lori utamsikia anaisemesha Kimatumbi kwa upole, anaibembeleza, anaiuliza inaumwa wapi. Mteja akija ananyamaza.

Aliitoa dainamo, akaifungua, na ndani akakuta udongo wa nyigu, nyumba nzima na vyumba vyake. Akaisafisha kwa petroli na mswaki, akabadili zile kaboni mbili zinazogusa chuma cha kati, akaifunga. Akaiweka juu ya meza yake ya kazi, akaibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma. Hiyo ndiyo asubuhi ninayoisimulia.

Bi Mwamvua alikuja kwa miguu. Hilo peke yake lilitufanya tuache kumimina chai. Alikaa kwenye benchi letu, akaagiza chai, hakuinywa. Mama akamuuliza kuku wake wanaendeleaje. Akasema amewapeleka kwa jirani tangu alfajiri, wote, na jogoo. Mama akamwongezea sukari kwenye chai iliyokuwa na sukari tayari.

Kisha ikaingia Kenta ya Iddy, lori lake dogo.

Iddy ananunua vyuma chakavu kuanzia hapa mpaka Nyamisati. Ni mtu mnene, mcheshi, ana sauti ya kuuzia. Ni mjukuu wa dada yake Bi Mwamvua, kwa hiyo ni mjukuu wake, na kwa utani wa bibi na mjukuu amekuwa akimwita mke wangu tangu alipokuwa na meno ya utoto. Sasa ana watoto watatu na bado anamwita hivyo. Abdulrazaq ndiye aliyempigia simu: nenda kachukue lile gari, na mama umkalishe kiti cha mbele, umlete.

Iddy aliteremka na shuka jeupe mkononi. Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye Landrova iliyoegeshwa pembeni ya gereji, akalitandika lile shuka juu ya boneti, akalisawazisha pembe zote, akarudi nyuma hatua chache, akafumbata mikono. Halafu akakaa chini na kuanza kupokea pole.

Watu wa stendi wanapenda mambo hayo. Mmoja akaja akampa mkono, wa pili akaja, wa tatu akauliza marehemu ameacha nini. Iddy akajibu kwa huzuni kwamba ameacha tairi tatu na mjane. Mbele ya mtani hukasiriki; ukikasirika umeshindwa. Bi Mwamvua alivuka barabara, akasimama mbele yake.

“Mume wangu,” akasema, “maiti hafunikwi kabla hajapimwa pumzi. Nani kakufundisha kuzika?”

“Mke wangu, mimi nimeambiwa na mwanao kwamba marehemu kakata roho.”

“Mwanangu yuko Mbagala. Pumzi ya maiti anaisikia kutoka Mbagala?”

Wakaanza kujadiliana pale, yeye amesimama na Iddy amekaa, na ikawa hivi: dainamo itapimwa hapohapo mezani, mbele ya watu. Ikifanya kazi, Iddy anakunja shuka lake. Isipofanya kazi mpaka adhana ya adhuhuri, gari linapakiwa kwenye Kenta na Bi Mwamvua anapanda mbele. Watu wakaitika kama mashahidi. Bushiri hakuulizwa. Alikuwa ameshika bisibisi tu, anaangalia.

Basi akaanza jinsi anavyoanza siku zote. Dainamo ina vichwa viwili vya waya, kikubwa na kidogo. Akavifunga pamoja kwa kipande cha waya, akachukua betri nzima ya kwake, waya mmoja akaugusisha kwenye mwili wa dainamo, wa pili kwenye vile vichwa. Dainamo ikaguna, ikaanza kuzunguka yenyewe, pole pole, laini, bila kelele. Bushiri akatabasamu. Ni mara chache anatabasamu. Akasema imepona, maana mashine hiyo ukiipa umeme ikazunguka, basi na wewe ukiizungusha itakupa umeme.

Kwa mtu mwingine yangekwisha hapo. Iddy akainuka, akaja mezani, akaitazama ile betri, akamtazama Bushiri.

“Fundi, hii kazi yake ni kutoa umeme au kula umeme?”

“Kutoa.”

“Na wewe umeipa.”

“Nimeipa ili nione kama—”

“Umemnywesha ng'ombe maziwa, kayanywa, sasa unatuambia anakamuliwa vizuri.”

Stendi nzima ikacheka. Mbaya zaidi, Bi Mwamvua naye alicheka, halafu akaacha. Nilimwona anawaza. Akasema kwa upole kwamba Iddy ana haki. Na yeye anataka kuona inatoa. Kama neno lake la harusini lilikuwa la kweli, na kipimo kiwe cha kweli, asije akakaa Kibiti kwa kudra ya betri ya watu. Bushiri akaingia ndani na tukamsikia anaongea Kimatumbi na kitu fulani, sijui kipi.

Alipotoka alikuwa amepata njia. Muuza dagaa mmoja anayetoka Nyamisati, jina lake Zaidi, alikuwa ameegesha baiskeli yake kwetu anakula maandazi. Baiskeli yenyewe ni Foneksi, ile yenye stendi ya nyuma inayoinua gurudumu juu, na inanuka kambamiti hata ikiwa tupu. Bushiri akaiomba. Akalitoa tairi la nyuma ikabaki ringi tupu, akakata ukanda mrefu kutoka kwenye mpira wa ndani wa lori, akauunga ukawa duara, akaupitisha kwenye ringi ya baiskeli upande huu na kwenye puli ya dainamo, kile kigurudumu chake cha mkanda, upande ule. Mtu akikaa juu ya baiskeli akanyonga, ringi inazunguka, ukanda unavuta, dainamo inazunguka. Akafunga na balbu ya indiketa kwenye waya mbili za dainamo. Betri akaipeleka mbali kabisa, mpaka chini ya meza yetu ya chai, ili Iddy asiwe na la kusema.

Bi Mwamvua akaletewa kiti, kikawekwa kivulini, upande wa pili wa meza ya kazi. Hapo ndipo Iddy alipokosa adabu kwa faida ya wote. Alizunguka, akasimama nyuma ya kiti, akatazama alichokuwa anatazama Bi Mwamvua, yaani sehemu ya nyuma ya dainamo yenye nati na waya.

“Fundi Bushiri,” akasema, “watu wa milimani mnampa mke wa mtu makalio ya mashine?”

Bushiri ni mtu wa heshima. Kwao, na hata kwetu, humpi mtu mzima mgongo. Akaona haya mpaka masikio. Akafungua jiliwa haraka haraka, akaigeuza dainamo uso kwa nyuma ili upande wa puli umtazame Bi Mwamvua, akaibana tena, akaisogeza baiskeli iwe sawa na puli, akaurudisha ukanda. Bi Mwamvua akashukuru kwa kichwa. Kila mtu akaona sasa mambo yamekaa kistaarabu.

Zaidi akapanda. Zaidi ni mifupa na misuli tu, njia ya Nyamisati imemkausha. Alinyonga mpaka ringi ikawa haionekani, ukanda unapiga kelele, dainamo inavuma. Balbu nyeusi. Akaongeza. Upepo wa ringi ulipeperusha khanga ya mama aliyekuwa amesimama karibu. Balbu nyeusi vilevile.

Bushiri akasema subiri. Akakaza waya. Zaidi akanyonga. Hakuna kitu. Akabadili balbu. Hakuna kitu. Akairudisha betri kutoka kwetu, akaigusisha, dainamo ikazunguka kama pia ya watoto. Akaiondoa, Zaidi akanyonga, dainamo ikanuna. Betri, inacheza. Baiskeli, inanuna. Bushiri akawa anapangusa mikono kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono. Miaka hii yote amekuwa anatengeneza mashine za Toyota, na hizo, alituambia baadaye, hazijali unazizungusha vipi. Za Toyota hata ukizitukana zinatoa umeme.

Watu waliacha kucheka. Kipimo kilikuwa kimeanza kuwa kirefu, na jua lilikuwa linapanda. Nadhani Iddy mwenyewe hakutegemea kushinda. Alikuja kufanya utani na kubeba chuma, si kumwondoa bibi wa watu Kibiti. Lakini mtani akishasema hawezi kurudi nyuma.

Bi Mwamvua akainuka kwenye kiti. Akarekebisha ushungi. Akasema, bila kumtazama mtu, “Basi. Lipakieni.” Kisha akamgeukia mama yangu akamwomba, kama atakumbuka, jogoo wake asichanganywe na wale wa jirani, maana ana tabia ya kupigana. Mama akasema sawa.

Zaidi akashuka kwenye baiskeli. Na hapo Iddy akakataa.

Alikataa kwa hasira, kana kwamba kuna mtu amemtukana. Alisema yeye hatabeba gari la mke wake kwa ushahidi wa miguu ya muuza dagaa. Kesho watu watasema Iddy alimwibia bibi yake, alimtafutia mnyongaji aliyekonda. Kama dainamo imekufa, itakufa mikononi mwake yeye, mbele ya watu, kwa nguvu za mtu aliyekula. Akavua shati. Akamkabidhi Zaidi simu, funguo na kofia, akapanda Foneksi, na Foneksi ikalia.

Uzito wake ukaisogeza stendi, baiskeli ikayumba, ukanda ukachomoka. Bushiri alikuwa amekaa kwenye tairi ameinamisha kichwa, hakuinuka. Iddy akashuka mwenyewe, akaukamata ukanda, akauvika upande wa ringi, akauvuta kwa nguvu upande wa puli. Alikuwa na haraka na hakuwa fundi. Ukanda ukapanda umejisokota, katikati umekatizana, upande wa juu umekwenda chini na wa chini umekwenda juu, kama mtu aliyevaa ndala za kushoto kulia. Hakuna aliyemwambia kitu. Nani ana hamu ya kumrekebisha mtu anayekwenda kuua?

Akapanda. Akanyonga raundi za kwanza pole pole, ukanda ukasuguana pale ulipokatizana, ukatoa moshi kidogo wa mpira. Akaongeza.

Balbu ikawa nyekundu.

Nilidhani ni jua. Kisha ikawa ya rangi ya chungwa, kisha ya njano, kisha ikawaka kweli, katikati ya mchana, na kivuli cha vidole vya Bi Mwamvua kikaonekana kwenye meza, maana alikuwa ameinama anataka kuishika.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisogea tu. Iddy, aliyekuwa ameinamisha kichwa ananyonga kwa macho ya kufumba, alisikia kimya, akafumbua, akaona, na kwa mshangao akaacha kunyonga. Balbu ikazimika.

“Imekufa tena,” akasema Bi Mwamvua.

“Haijafa, mke wangu, nimepumzika.”

“Mimi nimeona imezimika. Nyonga.”

Akanyonga. Ikawaka. Bi Mwamvua akavuta kiti karibu, akakaa, akaweka mikono mapajani kama mtu aliyefika kwenye shughuli aliyoalikwa. Akasema taa hiyo ni ya kukonyeza tu, ya kona. Yeye usiku hasafiri kwa kukonyeza. Fundi, weka taa kubwa.

Bushiri alikuwa ameinuka kwenye tairi bila kujijua. Akaleta taa ya mbele ya Landrova yenyewe, akaifunga. Ghafla pedeli zikawa nzito. Dainamo ina tabia hiyo, kadiri inavyodaiwa umeme ndivyo inavyokuwa ngumu kuzungusha, lakini Iddy hakujua, akadhani kuna mtu ameshika breki. Akageuka nyuma kutazama, hakuna mtu. Akasimama juu ya pedeli, tumbo linapanda na kushuka, jasho linachuruzika mpaka kwenye mnyororo. Taa kubwa ikawaka, kwanza kama kaa la moto, halafu nyeupe, ikampiga machoni Zaidi aliyekuwa amesimama na kofia ya Iddy kichwani.

“Na ya pili,” akasema Bi Mwamvua.

“Bibi,” akasema Iddy. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimjue kumsikia anamwita bibi.

“Gari langu lina macho mawili, mume wangu. Au unataka nitembee chongo?”

Ya pili ikafungwa. Hapo alikuwa hanyongi tena, anapanda mlima. Vijana wa bodaboda wakaanza kumhesabia pumzi, wengine wakamwambia ashike kushoto kuna lori. Na katikati ya hali hiyo simu yake ikalia mkononi mwa Zaidi. Ilikuwa ya picha, kutoka Mbagala. Zaidi hakujua la kufanya, akabonyeza, akaielekeza mbele.

Abdulrazaq akatokea kwenye kioo, amevaa tai, yuko kazini. Alichokiona ni Iddy hana shati, amepanda baiskeli isiyokwenda popote, mbele yake meza, kwenye meza taa mbili zinawaka mchana, na mama yake amekaa kitini anakunywa chai.

“Iddy,” akasema, “mimi nimekutuma gari. Unakwenda wapi na baiskeli?”

Iddy hakuwa na pumzi ya kujibu. Alitikisa kichwa tu, na kila alipokitikisa taa zilififia.

Bi Mwamvua akaomba simu. Hakuizoea, akaishika karibu sana, kwa hiyo kule Mbagala nadhani waliona jicho moja na fremu ya miwani.

“Mwanangu, hujambo? Nilikuahidi kwamba umeme wa gari ukifa, nitahamia kwako. Umeme unaonekana huko?”

“Naona taa, mama. Lakini hiyo ni baiskeli.”

“Ni dainamo yangu. Baiskeli ni ya muuza dagaa. Na anayenyonga ni mtu uliyemtuma wewe, mimi sikumchagua.”

Abdulrazaq alisema yuko kwenye kikao, atapiga baadaye. Bi Mwamvua akamrudishia Zaidi simu ikiwa inawaka bado, akasema mumewe sasa anaweza kushuka. Iddy hakushuka, alianguka kwa upande, wakampokea.

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Iddy alikwenda kukunja shuka lake mwenyewe, pole pole, pembe kwa pembe, na wale waliompa pole asubuhi wakampa mkono tena, safari hii wakimpongeza kwamba marehemu kafufuka. Aliwaitikia wote.

Bushiri hakwenda kuswali mara moja. Alikuwa amekaa mbele ya ule ukanda, anauzungusha kwa mkono, anatazama dainamo inazunguka upande gani, anauondoa, anaurudisha bila kuusokota, anatazama tena. Akacheka peke yake. Alipokuja kunywa chai alitueleza, na kwake yeye ilikuwa hotuba. Dainamo za zamani zina upande wake mmoja wa kuzunguka. Alivyoifunga mwanzo ilikuwa sawasawa. Alipoigeuza kwa ajili ya heshima, baiskeli ikawa inaizungusha kinyume, na kinyume haitoi kitu. Ukanda uliosokotwa ukageuza mzunguko, ikarudi upande wake.

Iddy, aliyekuwa amelala kwenye benchi letu na kitambaa cha maji kichwani, akauliza kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo nani kaifufua?”

Bushiri akafikiri. Ni mtu wa haki.

“Wewe,” akasema. “Na aliyeiua pia wewe.”

Alasiri dainamo ikarudishwa kwenye injini, safari hii bila kuuliza inamtazama nani. Gari likawaka. Sindano ya chaji kwenye dashibodi, ambayo watu wa rika langu hatujawahi kuiona ikitikisika, ilipanda kidogo ikakaa. Bi Mwamvua aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa jirani kuchukua kuku wake, akawapakia mbele.

Siku chache baadaye alikwenda Mbagala. Alikwenda mwenyewe, na gari lake, akampakia Iddy kiti cha pembeni kwa kuwa Abdulrazaq alikuwa anamtaka aeleze, na kwa masharti kwamba barabarani asimfundishe kuendesha. Iddy ndiye aliyetusimulia yaliyotokea. Anasema Bi Mwamvua aliegesha katikati ya mtaa wa mwanawe, bajaji zikakwama huku na huku, na alisalimiana na mkwewe, majirani na mlinzi mpaka walipoisha. Alikula pilau, akalisifu. Alipanda ghorofani akakiona chumba chake, akakaa kitandani, akawasha feni, akasema ni chumba kizuri na mtoto wake Mungu ambariki. Akaswali magharibi juu ya lile zulia.

Akateremka amevaa viatu. Abdulrazaq akamzuia mlangoni, hakuwa na ukali, alikuwa na wasiwasi wa kweli. Akasema mama, giza limeingia, Kibiti ni mbali, lala mpaka kesho.

Bi Mwamvua akamwambia hana shida, taa zinawaka. Akamwita Iddy, akampa khanga zake azikunje vizuri juu ya mto, akapanda.